Dumu Moja la Dizeli

Nianze na lenyewe, maana nikizunguka nitajikuta najitetea. Nilimfanya dereva mmoja aitwe mwizi wa mafuta. Akakatwa mshahara kwa safari mbili, ya tatu akaambiwa arudishe funguo. Hakuwa ameiba hata kikombe. Dizeli iliyokuwa ikipotea ilikuwa inakwenda na matairi, na matairi hayo niliyachagua mimi, kwa fedha za tajiri wangu, kwa sababu ambayo hadi leo naona haya kuitaja: yalikuwa yanapendeza.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa magari katika kampuni moja ndogo ya utalii jijini Arusha. Tulikuwa na magari sita, yote Land Cruiser zilizorefushwa, zenye injini ya 1HZ ambayo fundi yeyote wa mjini anaifungua hata gizani. Kazi yangu ilikuwa spea, gereji, ratiba ya madereva na daftari la mafuta.

Desemba ilipoingia, matairi ya gari moja yalikuwa yamekaribia kipara. Msimu wa Ndutu ulikuwa mlangoni. Aliyefanya kazi za utalii kaskazini anajua maana yake: nyumbu wanashuka kwenye nyanda za nyasi fupi kuzaa, kati ya Januari na Machi, na wageni wanawafuata huko huko. Ndutu iko upande wa Ngorongoro, mpakani na Serengeti, na sisi msimu huo tulikuwa tunaacha njia na kuingia majanini. Mvua ikinyesha, sehemu za bondeni zinageuka udongo mweusi unaonata, ule ambao watu wa Kanda ya Ziwa wanauita udongo wa mbuga. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kiganja. Ukilowa, kiatu kinabaki na mguu unatoka.

Gari hilo lilikuwa linatumia matairi membamba ya saizi 235/85R16, yenye herufi A/T ubavuni, yaani ya kila njia. Tajiri akaniambia, "Chagua mwenyewe, wewe ndiye mtaalamu." Neno mtaalamu ni tamu sana likitoka kwa mtu anayekulipa mshahara.

Kwa wiki nzima nilikuwa nimebeba kwenye simu picha ya gari lililopakwa tope hadi kwenye vioo, limekaa juu ya matairi yenye meno kama ya trekta. Nikaenda dukani na ile picha kichwani. Nakumbuka nilivyochuchumaa mbele ya tairi la M/T, yaani la matope, la saizi 285/75R16, jipya, bado lina vile vinyweleo vya mpira. Kila kashata, yaani kila jino la mpira, ilikuwa kubwa kuliko kibiriti. Nikaingiza kidole gumba katikati ya kashata mbili, kikazama chote kasoro ukucha. Mabegani kashata zilikuwa zimeshuka hadi ubavuni. Nikalipiga ngumi, halikutikisika. Muuzaji akasema, "Hili halikwami popote." Sikumuuliza lina uzito gani. Sikuuliza kama rimu zetu zitalishika. Hata ile namba ya tarakimu nne ubavuni, inayokuambia wiki na mwaka wa kutengenezwa, nilisahau kuisoma, mimi niliyekuwa nawafundisha madereva kuisoma. Rimu zetu zilikuwa nyembamba mno kwa upana ule, kwa hiyo nikanunua na rimu.

Fundi tairi wetu wa eneo la Unga Limited, mzee aliyeanza kuziba pancha kabla sijazaliwa, aliyaangalia yakishushwa kwenye pikapu. Hakuyashika.

"Shikamoo, mzee. Umeyaonaje?"

"Marahaba. Matope yako yako wapi?"

"Ndutu."

"Ndutu umbali gani?"

Nikamwambia anaujua umbali wa Ndutu kuliko mimi. Akasema ndiyo, anaujua, ila alitaka auhesabu nikiwa nasikia. Kutoka Arusha kupita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Ngorongoro ni lami, zaidi ya kilomita 150. Baada ya hapo ni changarawe, mawe na ile mikunjo ya barabara inayotikisa meno. Kurudi ni hivyo hivyo. Matope yenyewe, kwenye safari ya siku tano, ukiyanyoosha na kuyapima kwa kamba hayafiki kilomita mbili. "Umenunua viatu vya kilomita mbili," akasema, akaenda zake kunywa chai. Nilimwona mzee amepitwa na wakati.

Gari likatoka gereji limenyanyuka kidogo, pana, linatisha. Nilipiga picha. Nikampa dogo, dereva wetu wa miaka 26, mtaratibu, ambaye alikuwa anafuta vumbi kwenye dashibodi kwa brashi ya rangi. Safari ya kwanza wageni wakalalamikia mlio. Matairi ya matope yakiwa kwenye lami yanaguna, na kadiri yanavyoliwa ndivyo yanavyozidi, kwa sababu kashata zinachongeka upande mmoja kama meno ya msumeno. Kisha bawaba ya mlango wa nyuma inayobeba spea ikaanza kupasuka, maana spea mpya ilikuwa nzito. Nikaagiza ichomelewe. Siku ya mvua, dogo akishuka kona za Mto wa Mbu, gari lilikataa kusimama pale alipotaka lisimame. Kashata kubwa zina mapengo makubwa, kwa hiyo mpira unaogusa lami ni kidogo, na vile vichanjo vidogo vinavyokata maji ni vichache. Dogo aliniambia. Nikamwambia apunguze mwendo.

Sasa daftari.

Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Gari linajazwa hadi shingoni kabla ya safari, linajazwa tena hadi shingoni likirudi, kituo kile kile. Lita zilizoingia unazilinganisha na kilomita zilizosomwa kwenye mita. Gari lile kwa miaka mitatu lilikuwa linakwenda kilomita 7 kwa lita, zaidi au pungufu kidogo. Safari ya kwanza ya Januari dogo alirudi na kilomita 870. Kwa hesabu ya ofisi, hizo ni lita 124. Kituoni ziliingia 143.

Zimezidi lita 19. Mtu wa kawaida anaona namba tu. Mtu wa magari anaona dumu. Dumu la plastiki la lita 20, lile lile linalojazwa usiku porini na kuuzwa kwa bodaboda asubuhi. Wizi wa aina hiyo upo, nimewahi kuukamata kwa macho yangu, na labda ndiyo sababu sikutafuta maelezo mengine. Safari ya pili ikawa vile vile, ikakaribia dumu tena. Tajiri akaniita, nami nikamwita dogo.

"Dogo, mafuta yanakwenda wapi?"

"Kaka, yanakwenda kwenye injini."

Tajiri hakucheka. Dogo akaona kwamba si utani, akakaa vizuri kwenye kiti.

"Kaka, gari limekuwa zito. Tangu tuweke haya matairi, mlima wa Mto wa Mbu naupanda na gia ya pili pale nilipokuwa naupanda na ya tatu. Yaangalie matairi."

Nilimjibu, mbele ya tajiri, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike: "Tairi halinywi dizeli."

Basi akakatwa. Lita 38 zikageuzwa shilingi, zikatolewa kwenye mshahara. Safari ya tatu dumu likapotea tena, na sasa hakukuwa na mazungumzo. Aliweka funguo mezani pamoja na ile brashi yake ya rangi, nadhani kwa bahati mbaya. Ripoti niliiandika mimi. Nilitumia neno "tabia".

Mwanzoni mwa Machi tulipungukiwa dereva, nikachukua gari hilo mwenyewe. Nakiri nilifurahi. Niliona ndiyo nafasi ya kuonyesha matairi yangu yanavyofanya kazi mikononi mwa mtu anayeyajua.

Siku ya tatu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Karibu na lile bwawa la majani wanaloliita Big Marsh, duma alikuwa amelala upande wa pili, na katikati yetu kulikuwa na kipande cha majani mabichi cha mita 60 hivi. Wageni wanne walikuwa wamesimama, kamera nje ya paa. Nikaweka gia ya nguvu, nikaingia.

Tairi la matope linasafishika kwa kuzunguka. Mapengo yakijaa tope, linatakiwa lizunguke kwa kasi lilirushe nje ili kashata zishike upya. Hiyo inataka nguvu, na 1HZ ni injini ya uvumilivu, siyo ya haraka. Halafu mimi nilikuwa nimeipa matairi makubwa na mazito kuliko iliyoyazoea. Mita 20 ndani, mapengo yakajaa. Nikatazama dirishani: lile tairi la kutisha lilikuwa limekuwa duara jeusi laini kama chungu. Nikakanyaga mafuta. Likajisafisha, ndiyo, na kashata zikafanya kazi yake, zikachimba. Kila gurudumu likachimba shimo lake. Nilipoacha kukanyaga, difu ilikuwa imelala juu ya tope na duma alikuwa ameondoka.

Baada ya nusu saa akatokea mzee mmoja wa kampuni nyingine, gari la zamani, matairi membamba ya kawaida ambayo mimi ningeyatupa. Alisimamisha gari mbali, kwenye kichuguu. Akavua viatu, akakunja suruali, akaja kwa miguu na fimbo. Akaichoma fimbo kwenye tope mbele ya gari langu. Ikazama hadi mkono wake ukalowa kiwiko.

"Tairi la meno linatafuta sakafu," akaniambia. "Hapa sakafu hamna, mwanangu. Hapa mtu anazunguka." Kisha akauliza, "Upepo kiasi gani?"

Nilikuwa na PSI 42. Nilikuwa nimejaza upepo wa lami, nikaingia nao kwenye bwawa. Mzee alicheka, kicheko cha huruma. Tukashusha hadi 20 kwenye matairi yote manne, matumbo yakatanuka chini, akanivuta kwa kamba kinyumenyume kwa njia ile ile niliyoingilia. Baadaye nilimwona anavuka bwawa lile lile mita 300 juu yetu, pale majani yalipokuwa mafupi na ardhi ngumu, kwa matairi yake membamba na upepo mdogo, polepole kama mtu anayebeba maji kichwani.

Nisiyatukane matairi ya matope bila haki. Yana mahali pake. Ubavu wake ni mnene, haupasuliwi ovyo na kisiki au jiwe. Ukiwa unabeba mbao Mufindi wakati wa masika, kwenye tope jekundu lenye ardhi ngumu chini yake, siku baada ya siku, kashata zile zinashuka, zinaipata sakafu, zinashika. Wale wanaoshindana Rhino Charge kule Kenya, wanaokata pori na makorongo kufuata njia fupi kuliko zote, hawawezi kuendesha matairi ya mjini. Ila watu hao wanajua matope yao ni ya aina gani na ni kilomita ngapi. Mimi niliulizwa swali hilo hilo na mzee wa Unga Limited, nikaliona la kizamani.

Lakini Ndutu ilinivunjia heshima tu. Kilichonivunja mimi mwenyewe ni pampu ya kituo cha mafuta, Arusha, saa moja jioni.

Mita ilisoma kilomita 870, kama za dogo. Nilikuwa nimelala na funguo chini ya mto siku zote tano. Nikasimama kando ya kijana wa pampu nikitazama namba zinavyopanda. Zikafika 124. Nikasubiri mlio wa kukata. Pampu ikaendelea. 130. 135. Nilihisi mikono inakuwa baridi. Ikakata kwenye 143.

Dumu langu mwenyewe.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hapa ndipo lilipo ungamo. Nilimwomba yule kijana anitolee risiti mbili: ya lita 124 kwa jina la ofisi, na ya lita 19 nilipe mfukoni. Kwenye daftari nikaandika 124.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee wa tairi. Hakuuliza kilichotokea. Alisema niende barabara ya Makuyuni, niweke mita sifuri kwenye jiwe la kilomita, niendeshe nikihesabu mawe. Nilihesabu mawe 30. Mita ilisoma 29.

Nilisimama kando ya barabara nikapiga hesabu nyuma ya ile risiti ya lita 19. Tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 806 hivi, jipya 834. Tofauti haifiki sentimita 3. Lakini kila tairi linapomaliza mzunguko mmoja, gari linakuwa limekwenda karibu sentimita 9 zaidi ya inavyojua mita, maana mita inahesabu mizunguko, haioni barabara. Kilomita 870 za daftari zilikuwa kilomita 900 za barabarani. Hizo 30 zisizoandikwa zinakula lita 4 na ushei. Lita 14 na ushei zilizobaki ndizo alizozieleza dogo kwa lugha rahisi kuliko yangu: uzito, kashata zinazojikunja na kujikunjua kwenye lami kilomita 300 za kwenda na kurudi, na injini inayopanda mlima kwa gia ya chini kwa sababu gurudumu limekuwa kubwa. Tairi lilikuwa linakunywa dizeli. Alikuwa ameniambia niyaangalie, nami nilikuwa na mawe ya kilomita kila siku dirishani.

Ningekwenda kwa tajiri siku hiyo hiyo, makala hii ingekuwa fupi. Sikwenda. Nilirudisha matairi ya 235/85R16 kwenye rimu za zamani na kuandika kwenye daftari: "Yamebadilishwa kwa ajili ya kelele kwa wageni." Gari likarudi kwenye kilomita 7 kwa lita. Kwa hiyo daftari sasa lilionyesha kwamba dumu lilikuwa linapotea dogo alipokuwapo, na liliacha kupotea alipoondoka. Ushahidi ulikuwa umekamilika, na ni mimi niliyeupika.

Kampuni mbili zilinipigia simu kuulizia habari zake. Ya kwanza ilipiga Februari, nikasema niliyoyaamini. Ya pili ilipiga Mei. Nilisema niko gereji, nitawapigia. Sikuwapigia.

Mwezi wa Agosti, mbele ya wafanyakazi wote, tajiri alinisifu. Alisema tangu nimkamate yule kijana mafuta yamekaa sawa. Watu wakapiga makofi. Nilikaa na sifa hiyo siku mbili, siku ya tatu nikaingia ofisini kwake na risiti ile yenye hesabu nyuma. Alisoma kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwa hiyo sasa nimkate nani?" Nikamwambia anikate mimi. Alinikata, na usimamizi wa magari akampa mtu mwingine. Alimpigia dogo simu mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pale, akamwomba radhi na kumwambia arudi. Dogo alishukuru, akakataa.

Nilimtafuta stendi. Alikuwa anaendesha Noah ya abiria kwenda Karatu. Nikampa bahasha yenye fedha za lita 38, na brashi yake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alihesabu fedha, akaziweka mfukoni, akaniuliza kitu kimoja tu:

"Kaka, uliyaangalia lini?"

Nikamwambia Machi. Akatazama tarehe kwenye simu yake. Ilikuwa Agosti 27. Abiria wa mwisho akaingia, akafunga mlango, akaondoka.

Wewe mwenye magari na daftari, kama umebadili saizi ya tairi mwaka huu na dumu limeanza kupotea, nakuomba usimwite dereva bado. Weka mita sifuri, nenda kahesabu mawe 30.